Tulisimuliwa Nusu ya Hadithi ya National

Mwanzoni mwa muhula huu tulijazana ukumbini kumsikiliza mhamasishaji. Waliochelewa walikaa kwenye ngazi, wengine walisimama mlangoni. Joto lilikuwa kali lakini hakuna aliyetoka, kwa sababu jamaa anajua kuongea, tuseme ukweli. Akatusimulia habari za kijana wa Kijapani aliyeacha shule akiwa na miaka tisa, akaanza biashara na mtaji ambao hata yen 100 haukutimia, na leo kampuni yake ndiyo Panasonic. Kisha akatuuliza: wewe mwenye bumu mfukoni, unasubiri nini? Ukumbi ukalipuka. Mimi nami nilipiga makofi.

Nilipiga makofi huku nikijua kwamba asubuhi ya siku ile ile nilikuwa nimemtumia fundi mmoja wa mjini malipo ya awali ili anitengenezee projekti yangu ya mwaka wa nne. Nasoma uhandisi wa umeme.

Nitarudi kwenye hilo la fundi. Kwanza nieleze kwa nini hadithi ile haikunitoka kichwani, maana za aina hiyo tumeshasikia nyingi na tukitoka ukumbini huwa tunaziacha hapo hapo kwenye viti. Hii ilinifuata kwa sababu ya jina. Kijijini kwetu kampuni hiyo hatukuijua kwa jina la Panasonic. Tuliijua kama National. Babu alikuwa na redio ya National yenye mkanda wa ngozi, iliyokaa juu ya kabati mahali ambapo mtoto hafiki, na ndiyo iliyotuletea taarifa ya habari, mpira na matangazo ya vifo. Ilikula betri kubwa nne. Zikianza kuchoka, sauti ya mtangazaji ikawa kama ya mtu mwenye mafua, babu alizitoa na kunipa nikazianike juu ya bati. Nimeanika betri kabla sijajua kuanika mpunga. Jioni zinarudi ndani, redio inaongea tena siku mbili tatu.

Mwaka wa pili, kwenye somo la kemia ya vifaa, ndipo nilipoelewa kwamba babu hakuwa anafanya ushirikina. Joto linaongeza kasi ya mwendo wa chembe zenye chaji ndani ya betri, na mapumziko yanaipa nafasi kupunguza yale mazao ya kemikali yaliyokuwa yanazuia umeme. Umeme mpya hauingii, ila uliobaki unapata njia ya kutoka.

Basi nilipotoka ukumbini nikaanza kusoma habari za huyu Bwana National, Konosuke Matsushita. Nilichokikuta ni kwamba tulisimuliwa nusu tu, tena ile nusu isiyo na kazi.

Tuanze na hizo yen 100. Ni kweli, Matsushita alizaliwa mwaka 1894 katika kijiji cha mkoa wa Wakayama, kitinda mimba wa watoto wanane, na baba yake alipoteza mali ya familia katika biashara ya kubahatisha bei ya mchele. Akiwa na miaka tisa alipelekwa Osaka kuwa kijana wa kazi katika duka la majiko ya mkaa, kisha duka la baiskeli. Lakini mhamasishaji aliruka kuanzia duka la baiskeli hadi utajiri, na katikati hapo kuna miaka saba. Mwaka 1910 aliajiriwa na kampuni ya umeme ya Osaka akiwa msaidizi wa mafundi wa nyaya. Alipanda majumbani kwa watu akafunga taa, akajua ni soketi ipi inalegea na waya upi unaungua. Alipoacha kazi mwaka 1917, akiwa na miaka 22, alikuwa mkaguzi. Huyu hakuwa kijana asiye na chochote mwenye ndoto. Alikuwa fundi mwenye uzoefu wa miaka saba aliyebuni soketi yake, akamwonyesha bosi wake, na bosi hakuona cha maana.

Halafu ile soketi haikununulika. Hili pia hatukuambiwa. Waliianza kazi watu watano katika nyumba ya kupanga: yeye, mkewe Mumeno, shemeji yake Toshio Iue aliyekuwa mtoto wa miaka 14, na wenzake wawili wa kazini. Hawakujua hata namna ya kuchanganya malighafi ya kutengenezea ule mwili wa soketi usiopitisha umeme. Ikawabidi wabahatishe na kuulizia. Walipofanikiwa kutoa mzigo wa kwanza, wakazunguka Osaka nzima wakauza soketi kama 100 tu, fedha zake hazikufika yen 10. Wale wawili wakaondoka kutafuta riziki kwingine, na nani angewalaumu? Mumeno akaanza kuweka rehani kimono zake.

Kilichowaokoa hakikuwa soketi. Kilikuwa ni oda ya vibamba 1,000 vya feni, vile visivyopitisha umeme, kutoka kwa mtengenezaji mwingine. Mtu alihitaji vibamba, akasikia kuna watu wamejifunza kuchanganya ile malighafi, akawapa kazi. Ujuzi walioupata kwa kushindwa kutengeneza soketi inayouzika ndio uliowapa oda. Machi 1918 wakafungua kiwanda chao kidogo rasmi.

Nikiwa mwanafunzi wa uhandisi mahali hapo paliniuma. Kama wangemlipa mtu awatengenezee zile soketi, zingekosa soko vile vile, lakini wao wasingekuwa na la kuuza siku oda ya vibamba ilipokuja.

Bidhaa zilizowasimamisha zilikuwa ndogo mno. Moja ni plagi iliyotumia vitako vya balbu zilizoungua. Walivikusanya vitako vya chuma, wakavitumia tena, bei ikashuka karibu theluthi moja chini ya plagi za wengine. Ukipita pale kwa mafundi wa mtaani kwetu utawaona wanafanya hivyo hivyo kila siku, kutoa kifaa kizima kwenye bodi iliyokufa, ila sisi tukiwaona tunasema wanachakachua.

Kisha ikaja taa ya baiskeli, 1923. Wakati huo taa za betri ziliwaka saa mbili au tatu tu, hivyo watu walibaki na mishumaa na mafuta. Ya Matsushita iliwaka saa 30 mpaka 50. Akawapelekea wauzaji wa jumla, wakamkatalia, kwa kuwa walishaungua na taa za betri. Alichofanya nakipenda kuliko sehemu nyingine zote za hadithi hii. Aliwaendea wenye maduka ya baiskeli, akawaachia taa bila malipo, akawasha moja pale pale dukani na kuwaomba waiangalie itazima lini. Hakuhutubia, aliiacha taa iongee. Wenye maduka walifunga duka ikiwaka, wakafungua kesho yake ikiwaka.

Miaka minne baadaye, alipotoa taa ya mkononi ya mraba na kuipa kwa mara ya kwanza jina la National, alitaka kugawa 10,000 bure. Betri hakuzitengeneza yeye, alizinunua kwa mtu wa Tokyo. Akamwendea, akamwomba betri 10,000 za bure, na akaahidi kununua 200,000 kabla mwaka haujaisha. Mwenye betri lazima alidhani anaongea na mwendawazimu. Lengo lilivukwa zaidi ya mara mbili. Hapo nakubali, kuna uthubutu, mhamasishaji angeweza kupata kofi lake. Ila ni uthubutu wa mtu aliyeijua taa yake itawaka saa ngapi, kwa sababu aliipima mwenyewe.

Redio ya babu nayo ina asili yake. Mwaka 1930 Matsushita aliingia kwenye biashara ya redio kwa njia ya mkato: alishirikiana na kiwanda kilichokuwa na jina zuri, akauza redio zao kwenye mtandao wake wa maduka. Zikarudi. Zikarudi kwa wingi, mbovu, wateja wamekasirika. Aliposhindwa kukubaliana na mwenye kiwanda, alichukua hasara, wakaachana, akamwambia mtafiti wake Tetsujiro Nakao atengeneze redio isiyoharibika. Nakao hakuwa mtaalamu wa redio. Alijifunza. Redio yake ya vali tatu ikashinda nafasi ya kwanza katika mashindano ya shirika la utangazaji la Japani mwaka 1931.

Mwaka uliofuata kampuni ilifanya jambo ambalo ningependa lisomwe mara mbili. Kulikuwa na hataza za sehemu muhimu za redio mikononi mwa mvumbuzi mmoja, na watengenezaji wote walikwama kwa kuogopa kushtakiwa. Matsushita akazinunua, kisha akaziachia zitumiwe bure na kila mtengenezaji, wakiwemo washindani wake. Mwezi Mei mwaka huo huo wa 1932 aliwakusanya wafanyakazi akawaeleza falsafa ambayo Wajapani wanaiita ya maji ya bomba: maji yana thamani, lakini mpita njia akinywa kwenye bomba la mtu hakuna anayemwita mwizi, kwa kuwa ni mengi na ni rahisi. Kazi ya kiwanda ni kufanya vitu vya nyumbani vifike hapo.

Sasa kuna wenzangu watasema nimekuwa shabiki. Hapana. Wakati wa vita kampuni hiyo ilitengenezea jeshi la Japani zana, mpaka meli na ndege za mbao, na baada ya vita Wamarekani walimwondoa Matsushita kwenye uongozi pamoja na matajiri wengine. Alirudi 1947. Na hiyo falsafa ya maji ya bomba ilikuwa na mipaka yake: mwaka 1964 duka kubwa la Daiei lilipoanza kuuza bidhaa za National kwa bei ya chini kuliko iliyopangwa, kampuni ilikata kulipelekea bidhaa, na ugomvi huo ukadumu miaka 30. Kumbe bomba lilikuwa na mita.

Lakini angalia jinsi wafanyakazi walivyohusika na kurudi kwake. Waliokwenda kumwombea kwa sahihi zao walikuwa chama chake cha wafanyakazi. Katika Japani ya miaka ile vyama vya wafanyakazi vilikuwa vinawafukuza wenye viwanda, hiki kikaenda kumtetea wake. Sababu mojawapo iko Desemba 1929. Mdororo wa uchumi ulipofika, maghala yakajaa, wasaidizi wake walimletea pendekezo la kupunguza nusu ya wafanyakazi. Alikuwa kitandani anaumwa. Akakata uzalishaji nusu, watu wakafanya kazi nusu siku, mshahara ukabaki kamili, hakuna aliyeachishwa. Sharti lilikuwa moja, kwamba muda uliobaki na siku za mapumziko kila mtu akauze mzigo uliomo ghalani. Miezi miwili mzigo ukaisha.

Ninayo mifano mingine miwili, nitaipitia haraka. Mwaka 1952 alikwenda kutafuta teknolojia kwa Philips ya Uholanzi. Wadachi walitaka asilimia 7 kama ada ya ushauri wa kiufundi. Matsushita akasema vizuri, lakini na sisi tutawadai ada ya uendeshaji, kwani soko na usimamizi ni wetu. Wakamalizana kwa yeye kulipa asilimia 4.5 na kulipwa 3. Nchi imetoka kushindwa vita, haina kitu, na mtu wake anadai ada ya kumsimamia mkubwa! Na mwaka 1964 huo huo, akiwa ameshaachia urais wa kampuni, aliwaita mawakala wake huko Atami, wengi wao wakiwa wanapata hasara. Kwa siku tatu walimlalamikia. Siku ya mwisho akakiri kwamba kosa ni la kampuni, akaomba radhi huku machozi yanamtoka, akarudi mwenyewe kuongoza idara ya mauzo. Alikuwa anakaribia miaka 70.

Hapo ndipo Tanzania inapoingia. Mwaka 1966 kampuni ilifungua tawi la uzalishaji Dar es Salaam, likajulikana kama Matsushita ya Afrika Mashariki, likitengeneza betri na redio. Zile betri nilizokuwa nazianika hazikuvuka bahari kutoka Osaka. Zilichanganywa na kufungwa hapa hapa, na mikono ya Watanzania. Babu hakuwahi kunitajia hilo, na nadhani hakujua. Kwake kila kitu kinachoongea kilikuwa cha Mjapani.

Niliwauliza wenzangu kumi wa darasani kama wanajua kwamba nchi hii ilishawahi kutengeneza redio. Wawili walijua, tena mmoja kwa sababu ametokea Arusha, ambako Philips nao walikuwa na kiwanda. Tunasoma miaka minne umeme na elektroniki, tunafundishwa historia ya transista tangu Marekani 1947, na habari ya kwamba kilomita chache kutoka tulipo kulikuwa na mstari wa watu wanaounganisha redio haimo kwenye desa hata moja.

Najua jibu la kawaida: serikali, sera, bidhaa za bei ya chini kutoka nje. Yote ni kweli. Japani ililinda viwanda vyake kwa miaka mingi, na mtu anayekusimulia Matsushita bila kutaja ushuru wa forodha anakudanganya kidogo. Hakuna kijana wa mwaka wa nne anayeweza kurekebisha ushuru. Mimi hapa naongelea kitu kilicho ndani ya uwezo wetu, nacho ni benchi la kazi.

Maana mambo yako hivi. Projekti ya mwaka wa mwisho katika idara zetu za ufundi zimekuwa bidhaa. Kuna namba za simu zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia muhula wa kwanza. Unachagua: mfumo wa kumwagilia bustani wenyewe, kengele ya gesi, kufuli la alama ya kidole. Ukiongeza hela kidogo unapata na ripoti, na maswali ambayo jopo huwa linauliza pamoja na majibu yake. Wanaouza si watu wabaya. Wengine ni wahitimu wetu wa miaka ya nyuma wasio na ajira, na nikikaa nikafikiria, hao ndio Matsushita wa kweli hapa, wana ujuzi na wanautafutia soko. Wabovu katika biashara hii ni sisi wanunuzi. Najua kwa sababu nilinunua.

Nilikuwa na sababu zangu, kila mtu anazo. Maabara inafungwa saa kumi jioni na vipindi vinaisha saa kumi. Multimita zinazofanya kazi ni chache, ukichelewa unamkuta mwenzako ameishika mkononi kama anayelinda mtoto. Rezista za shilingi chache unaambiwa jaza fomu, fomu isainiwe, mwenye kusaini yuko safarini. Ukiharibu kifaa unalipa. Katika mazingira hayo kushindwa ni gharama, na mtu anayelipia kila kosa hatathubutu kukosea. Fundi wa mjini alikuwa nafuu kuliko kukosea mwenyewe.

Mwalimu mmoja niliyemweleza haya, namheshimu sana, aliniambia nisijidanganye: hata maabara ikifunguliwa usiku kucha, wengi mtakuja kuchaji simu. Inawezekana. Aliniuliza pia kama wenye viwanda wanahitaji wahandisi wanaojua kuchomea risasi au wanaojua kusoma mikataba ya ununuzi. Sikuwa na jibu la haraka, na bado naliona ni swali zito, kwa sababu ajira zilizopo nyingi ni za kununua, kufunga na kukarabati. Lakini hata mnunuzi anapaswa kujua redio mbovu kabla wateja hawajazirudisha. Matsushita alijifunza hilo kwa hasara, na yeye alishika umeme mikononi miaka saba.

Ninachoomba kwa umoja wetu ni kidogo, na kinafanana na taa zile zilizoachwa dukani. Fedha tulizotumia kwa ajili ya ule mhadhara, posho ya mgeni, mabango, maji ya chupa, spika za kukodi, zielekezwe muhula ujao kwenye kabati moja la vipuri na mlinzi wa maabara wa jioni. Rezista, kapasita, transista za kawaida, waya, risasi, pasi mbili za kuchomea. Mtu achukue, aandike kwenye daftari, akiunguza asilipe. Saa kumi na mbili mpaka saa nne usiku, siku tatu kwa wiki. Na tuwaalike hao hao wanaotuuzia projekti waje wakae nasi, walipwe kwa saa kama wasaidizi. Naamini wengi watakubali, kwani ninayemjua mimi aliniambia waziwazi kwamba amechoka kutengeneza kufuli la alama ya kidole.

Kuna atakayesema hii ni kujifariji, kwamba Panasonic yenyewe imeshindwa, sasa tunaiga nini. Ni kweli kampuni ilipita pabaya. Ile kampuni iliyokataa kuachisha mtu 1929 iliwapunguza maelfu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2008 ililifuta jina la Matsushita na kuacha jina la National, ikabaki Panasonic peke yake. Ilimwaga fedha nyingi kwenye televisheni za plazma huku dunia ikihamia kwenye aina nyingine, na katika miaka miwili ya fedha mfululizo, iliyoishia Machi 2012 na Machi 2013, kila mmoja ulileta hasara ya zaidi ya yen bilioni 750. Uzalishaji wa plazma ukakoma mwishoni mwa 2013.

Kilichoibeba baada ya hapo ni kitu gani? Kwa sehemu kubwa, betri. Leo inatengeneza betri za magari ya Tesla. Sehemu ya ujuzi huo iliingia ilipoinunua Sanyo mwaka 2009, na Sanyo ilianzishwa 1947 na Toshio Iue, yule shemeji wa miaka 14 aliyekuwepo kwenye nyumba ya kupanga wakati soketi hazinunuliki. Alianza kwa kutengeneza taa za dinamo za baiskeli. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje nikatembea.

Kesho yake nilimpigia fundi wangu nikamwambia aache. Alikuwa ameshanunua vifaa, malipo ya awali hayarudi, na sina haki ya kumlaumu. Nikaanza upya. Projekti yangu ni kifaa kidogo cha kuzuia betri ya sola isinyonywe mpaka ikafa, cha bei ambayo mtu wa kijijini kwetu anaweza kuimudu. Mpaka naandika haya nimeunguza transista nne. Ya kwanza niliigeuza miguu. Ya pili sijui. Ya tatu na ya nne nimeshajua ni joto, nahitaji kipande cha alumini cha kupoozea, na nimekipata kwenye redio ya kaseti iliyotupwa nyuma ya hosteli, haina chapa.

Jopo linakaa baada ya wiki tano. Mwenye transista za ziada za aina ya TIP31 anitafute maabara, benchi la pili kutoka dirishani, kabla ya saa kumi.